Saa ya Kumeza, Hesabu ya Vidonge na Namna ya Kuacha: Maswali Yenu Kuhusu Steroidi

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: deksamethasoni, prednisoloni na nduguze, dawa zinazoitwa kotikosteroidi. Si ajabu. Mgonjwa wa saratani hukutana nazo karibu kila hatua: kabla ya dripu ya kemo ili mwili usiikatae dawa, baada ya dripu ili asitapike, uvimbe unapobana ubongo au uti wa mgongo, na katika limfoma na saratani nyingine za damu ambako steroidi yenyewe ni sehemu ya tiba. Kwa kuwa zimezoeleka, hutolewa kwa mazoea, na hapo ndipo mgonjwa huumia.

"Nilikuwa namchoma mgonjwa deksamethasoni 8 mg mshipani kabla ya kemo. Kabla sijamaliza bomba alipiga kelele kwamba anaungua sehemu za siri. Nilisimamisha kila kitu nikidhani ni mzio. Nilikosea wapi?" Muuguzi, wodi ya kemo

Hukukosea dawa, ulikosea mwendo. Deksamethasoni ya sindano huwa imeungwa na fosfeti, na ikisukumwa haraka mshipani huleta mwasho au moto mkali kwenye msamba, yaani kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Huja ghafla, hudumu muda mfupi, kisha hutoweka bila kuacha madhara. Mzio una sura yake: vipele vilivyovimba, midomo kuvimba, kifua kubana na kupiga filimbi, presha kushuka. Ukiona hayo, kusimamisha ni sahihi kabisa, na msaada uitwe hapo hapo.

Kinga ni rahisi. Changanya dozi kwenye 50 ml za maji ya chumvi ya 0.9% na uiache iingie kwa dakika 10 hadi 15. Mwambie mgonjwa mapema, kwa maneno ya wazi, atahisi nini na wapi. Wengi huona aibu kutaja mahali panapoungua. Mgonjwa anayekakamaa ghafla na kung'ang'ania kitanda bila kusema neno huenda anapitia jambo hilo hilo.

Mawili ya kuongeza. Methiliprednisoloni ya 500 mg au zaidi haisukumwi kwa mkono kamwe. Iingie kwa dakika zisizopungua 30, kwani ikienda mbio mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Na soma lebo ya ampuli ya deksamethasoni hadi mwisho. Watengenezaji wengine huandika uzito wa fosfeti, wengine uzito wa deksamethasoni yenyewe, na 4 mg ya ile ya kwanza ni kama 3.3 mg tu ya ile ya pili.

"Baba hupewa deksamethasoni 8 mg asubuhi na 8 mg mchana kuanzia siku moja kabla ya dripu. Mzunguko uliopita vilikuwa vidonge viwili kila mara. Safari hii tulipewa vidonge vya aina nyingine, nikaendelea na viwili viwili. Je, kuna shida?" Binti anayemuuguza baba yake

Ipo, dada, na usijilaumu. Aliyekupa vidonge vya aina nyingine alipaswa kukuhesabia. Deksamethasoni hutoka katika vidonge vya 0.5 mg, 2 mg, 4 mg na vipimo vingine. Kwa dozi ya 8 mg, vya 4 mg ni viwili, vya 2 mg ni vinne, na vya 0.5 mg ni kumi na sita. Ukimpa viwili vya 0.5 mg amepata 1 mg, yaani sehemu moja ya nane ya alichoandikiwa. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: aliyezoea kuhesabu vingi akipewa vya 4 mg humeza mlima wa dawa.

Ratiba uliyoitaja, mara mbili kwa siku kwa siku tatu kuanzia siku moja kabla, ni ile ya dosetakseli, mojawapo ya dawa za kemo. Humkinga na mzio na pia na maji kujaa miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Kwa hiyo kabla ya dripu kuanza, mweleze muuguzi kwa hesabu kamili: "Alimeza viwili vya 0.5 mg, saa mbili asubuhi na saa nane mchana." Daktari ataamua kama apewe nyingine mshipani au dripu isogezwe mbele. Leta na pakiti yenyewe.

Wauguzi wenzetu, hili linawahusu zaidi ninyi. Swali "Umemeza dawa zako?" hujibiwa "Ndiyo" na kila mtu, hata aliyezisahau mezani. Ulizeni: vingapi, saa ngapi, na vikoje kwa rangi. Kwa paklitakseli, dawa nyingine ya kemo, ni muhimu zaidi, kwa sababu ratiba yake ya vidonge huwa 20 mg saa 12 kabla na 20 mg nyingine saa 6 kabla. Dripu ikipangwa saa nne asubuhi, dozi ya kwanza ni saa nne usiku na ya pili saa kumi alfajiri. Nani huamka saa kumi bila kuandikiwa na kutegewa kengele? Ndiyo maana vituo vingi huchagua dozi moja ya mshipani nusu saa kabla. Vyovyote iwavyo, dripu ya paklitakseli haifunguliwi mpaka jibu lipatikane.

Na mgonjwa akibadilishiwa steroidi, msilinganishe miligramu kwa miligramu. Deksamethasoni 0.75 mg ina nguvu sawa na prednisoloni 5 mg, methiliprednisoloni 4 mg au haidrokotisoni 20 mg. Ile 8 mg inayoonekana ndogo ni zaidi ya 50 mg za prednisoloni.

"Shikamooni. Siku za dawa ya kuzuia kutapika silali kabisa, uso unakuwa mwekundu na kwikwi haikatiki. Nipunguze mwenyewe?" Mgonjwa, mzunguko wa tatu

Marahaba. Usipunguze mwenyewe; kwanza tazama saa. Deksamethasoni hukaa ikifanya kazi mwilini kwa zaidi ya siku nzima, na ikimezwa jioni huufanya ubongo uamini kumekucha. Dozi moja ya siku imeze asubuhi pamoja na chakula. Zikiwa mbili, ya pili isipite saa nane mchana. Kama umeandikiwa "asubuhi na usiku", omba ibadilishwe. Uso kuwa mwekundu siku ya pili ni jambo la kawaida na hupita. Kwikwi pia hutokana na dawa hii, nayo itajwe kliniki, kwa sababu dozi inaweza kushushwa au dawa ikabadilishwa.

Jambo moja halingojei kliniki. Kama kutolala kunakuja na maneno mengi yasiyokatika, hasira usizozijua, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, au huzuni nzito dawa inapokwisha, aliye nawe nyumbani apige simu siku hiyo hiyo.

"Sukari ya asubuhi ya mgonjwa wangu ni 5.6 kila siku, lakini anakunywa maji mno na anakojoa usiku kucha. Anameza prednisoloni 60 mg asubuhi. Glukomita ni mbovu?" Muuguzi wa wodi

Glukomita ni nzima, saa ya kupima ndiyo inayodanganya. Prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari kuanzia mchana hadi jioni, kisha usiku hushuka. Ukipima kabla ya chai ya asubuhi unapima wakati ambao dawa imelala. Mgonjwa anaweza kuwa na 5.6 alfajiri na 18 jioni, siku ile ile.

Pima kabla ya chakula cha jioni, au saa mbili baada ya chakula cha mchana. Ukipata zaidi ya milimoli 12 kwa lita, sawa na miligramu 216 kwa desilita, ongeza vipimo vifike vinne kwa siku, kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, na umjulishe daktari. Usingoje namba tatu za juu zifuatane ikiwa tayari ana kiu, udhaifu na mkojo mwingi. Deksamethasoni ni tofauti kidogo: kwa kuwa hukaa muda mrefu, hasa ikitolewa mara mbili, sukari huweza kuwa juu kutwa kucha, hata asubuhi.

Hatari kubwa zaidi hujificha upande wa pili. Insulini ikiwekwa kwa kufuata ile namba ya jioni, sukari huweza kuporomoka kabla ya alfajiri wakati mgonjwa amelala na hakuna anayemwona. Na steroidi ikishushwa bila insulini kushushwa, huporomoka mchana kweupe. Kila mnapokabidhiana zamu, dozi ya steroidi na dozi ya insulini zitajwe katika sentensi moja.

"Mgonjwa wetu ana siku tisa tangu kemo na anatumia deksamethasoni kwa uvimbe wa ubongo. Leo amelegea na anajibu polepole. Joto ni 37.2 na seli nyeupe zimepanda. Mwenzangu anasema hana maambukizi. Wewe unaonaje?" Muuguzi, zamu ya usiku

Tunaona umwite daktari kabla ya kumaliza kusoma jibu hili. Steroidi hunyamazisha kengele ambazo muuguzi amefundishwa kuzisikiliza. Homa, wekundu, uvimbe, maumivu, hayo yote ni kazi ya kinga ya mwili, na steroidi huizima. Kwa mgonjwa wa kemo, joto la 38 ni dharura. Kwa anayetumia steroidi, kukosa joto la 38 hakuthibitishi chochote. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, pima mapigo, presha na oksijeni, linganisha na za jana. Kulegea kupya na kujibu polepole ni dalili tosha.

Seli nyeupe nazo zisikutulize. Steroidi hubandua nyutrofili, aina ya seli nyeupe, zilizoshikamana na kuta za mishipa zikaingia kwenye mkondo wa damu, hivyo jumla hupanda bila jeshi jipya kuzaliwa. Zaidi ya hapo, kwa mgonjwa huyu kulegea kunaweza pia kuwa ubongo unaobanwa upya, au sukari iliyopanda au kushuka. Pima sukari hapo hapo, tazama mboni za macho, na mpe daktari taarifa zote kwa pamoja.

Tumbo ndilo linalotuogopesha zaidi. Utumbo unaweza kutoboka na tumbo likabaki laini chini ya mkono wako, maumivu yakiwa kidogo tu. Mgonjwa wa steroidi mwenye maumivu mapya ya tumbo, hata madogo, akiwa na mapigo ya haraka, aonwe na daktari saa ile ile.

Kisha angalia mdomo kila siku, na uangalie kweli. Washa tochi, mwambie avue meno ya bandia kama anayo, inua ulimi, tazama kaakaa na ndani ya mashavu. Fangasi huonekana kama mabaki ya maziwa yaliyoganda. Ukiyakwangua huacha wekundu, wakati mwingine damu. Kuna sura nyingine inayopitwa na wengi: hakuna weupe wowote, ni kaakaa jekundu tu chini ya meno ya bandia, na mgonjwa anasema chakula kinamuunguza. Nistatini ya maji hushikwa mdomoni na kuzungushwa kabla ya kumezwa, mara nne kwa siku, baada ya kula. Meno ya bandia yasafishwe na yavuliwe usiku, la sivyo fangasi hurudi kutoka kwenye meno yenyewe. Akiumia anapomeza, huenda imeshuka hadi kwenye umio, na huko dawa ya kuzungusha mdomoni haitoshi.

Kabla ya tiba ndefu, muulize daktari kuhusu magonjwa yanayosinzia. Homa ya ini ya B hupimwa kwa damu. Kifua kikuu cha zamani huulizwa. Kwa aliyeishi sehemu zenye minyoo ya strongiloidi, kipimo au ivermektini huja kabla, kwa sababu steroidi huwaachia minyoo hao wakazaliana na kusambaa mwili mzima. Na anayetarajiwa kutumia 20 mg za prednisoloni au zaidi kwa wiki 4 au zaidi, huku ana saratani, kwa kawaida hufikiriwa kupewa kotrimoksazoli ya kukinga nimonia ya nyumosisti, inayoletwa na fangasi. Chanjo zenye virusi hai hazitolewi katika kipindi hiki.

"Mama ametumia deksamethasoni kwa wiki saba kwa sababu ya mgongo. Vidonge viliisha Jumamosi, kliniki ni Jumatano. Jumatatu alianza kutapika na hana nguvu za kukaa. Ni kemo?" Mwana

Mpeleke hospitali sasa, na ukifika sema sentensi hii: "Ametumia steroidi wiki saba, zimekatika ghafla." Tezi mbili ndogo juu ya figo hutengeneza kotisoli ya mwili. Steroidi ikija kutoka nje kwa wiki nyingi, tezi hizo hulala, na haziamki siku vidonge vinapoisha. Matokeo ndiyo haya: kutapika, kulegea, tumbo kuuma, presha kushuka anaposimama, sukari kushuka, hata kuzimia. Tiba ya dharura ni sindano ya haidrokotisoni 100 mg, mshipani au kwenye msuli, pamoja na dripu ya maji ya chumvi. Kuchelewa kunaua. Na kwa kuwa tatizo lilikuwa mgongo, waangalie pia miguu na mkojo, maana uti wa mgongo huenda umebanwa tena.

Nani asiache ghafla? Aliyetumia zaidi ya wiki 3. Aliyetumia zaidi ya 40 mg za prednisoloni kwa siku, au kiwango kinacholingana nayo, kwa zaidi ya wiki 1. Na aliyerudia vipindi vifupi mara kwa mara. Siku tatu au nne za kuzuia kutapika huachwa bila kushushwa ngazi kwa ngazi, ingawa siku moja au mbili za uchovu hufuata, na inafaa mgonjwa aambiwe.

Kushuka hufanyika kwa ngazi zilizoandikwa na daktari, tarehe kwa tarehe. Juu kabisa hatua huwa ndefu, mara nyingi kupunguza nusu. Ukikaribia 5 mg za prednisoloni, kiasi kinacholingana na kotisoli ambayo mwili wenyewe hutengeneza kwa siku, hatua huwa fupi na za polepole. Karatasi isiyo na tarehe ni karatasi ya kupotezea watu. Kila ngazi ina dalili zake za kuangalia: kwa mgonjwa wa ubongo, kichwa kinachouma asubuhi na kutapika, kwa mgonjwa wa mgongo, miguu kuishiwa nguvu. Zikirudi, piga simu kabla ya kushuka ngazi inayofuata.

Mgonjwa abebe kadi inayosema anatumia steroidi gani, kiasi gani, tangu lini. Akishindwa kumeza, au akitapika kidonge, dozi haisubiri kesho. Hupatikana kwa sindano. Homa kali, ajali au upasuaji huhitaji dozi zaidi, na kiasi hicho kiulizwe mapema, kabla ya siku ya dharura.

"Mgonjwa wangu hawezi kunyanyuka chooni bila kushikwa. Ni udhaifu wa saratani au wa dawa?" Muuguzi wa majumbani

Mkalishe kwenye kiti imara, mikono ameikunja kifuani, mwambie asimame. Kisha apande ngazi moja. Anayeshindwa kusimama lakini anatembea vizuri ukishamnyanyua, anapinda vidole vya miguu kwa nguvu, hana ganzi na mkojo unatoka kama kawaida, huyo inawezekana misuli ya mapaja na nyonga imeliwa na steroidi. Deksamethasoni hufanya hivyo zaidi ya prednisoloni. Daktari huangalia kama dozi inaweza kushuka au dawa ibadilishwe. Kazi yako ni mazoezi mepesi ya kila siku, kiti cha choo kilichoinuliwa, na kuzuia asianguke.

Lakini maumivu ya mgongo yanayozidi akilala au akikohoa, ganzi inayopanda miguuni au kuzunguka kiwiliwili kama mkanda, mkojo kugoma au haja kutoka bila yeye kujua: hapo usipange kumwona kesho. Ni uti wa mgongo, na saa chache ndizo zinazoamua kama atatembea tena.

"Nikiumwa viungo nameza ibuprofeni juu ya prednisoloni. Ni sawa?" Msomaji

Hapana. Kila moja peke yake huchokoza tumbo. Zikiwa pamoja, hatari ya kidonda na kutoka damu huongezeka sana. Diklofenaki na aspirini ni hivyo hivyo. Omba dawa nyingine ya maumivu, na kama daktari anaona haziepukiki, ataongeza omeprazoli ya kukinga tumbo. Kinyesi cheusi kama lami ni cha kukimbizwa hospitali. Mtajie daktari pia fenitoini (ya kifafa) na rifampisini (ya kifua kikuu) kama unazitumia, kwani hupunguza nguvu ya steroidi, na warfarini (ya kuzuia damu kuganda), ambayo kipimo chake cha kuganda kwa damu huweza kubadilika.

"Nina saratani ya tezi dume. Natumia abirateroni na nimepewa prednisoloni 5 mg. Nimesoma kwamba steroidi ni mbaya, nikaiacha. Nifanyeje?" Mzee msomaji

Mzee wetu, irudie leo na uwajulishe kliniki ulikaa siku ngapi bila kuimeza. Hiyo haikuwekwa kama nyongeza. Abirateroni huziba njia ya kutengeneza testosteroni, na kwa kuziba huko hupunguza pia kotisoli. Mwili ukiona kotisoli imepungua, husukuma tezi za juu ya figo kwa nguvu, na kinachofurika ni homoni zinazoshika chumvi: presha hupanda, potasiamu hushuka, miguu huvimba. Ile 5 mg ndiyo inayotuliza msukumo huo. Angalau mara moja kwa mwezi upimwe presha, potasiamu na uvimbe wa miguu, na ini liangaliwe kila wiki 2 kwa miezi 3 ya mwanzo.

Usizimeze pamoja. Abirateroni hutaka tumbo tupu, saa mbili baada ya kula na saa moja nzima kabla ya kula tena. Prednisoloni hutaka chakula. Meza abirateroni saa kumi na mbili asubuhi kwa maji, kaa, kisha saa moja asubuhi au baadaye kidogo kula, na prednisoloni uimeze katikati ya mlo huo.